Mafuta ya Cherehani

Kwanza, kidole.
Kabla ya kitambaa, kabla ya tone la mafuta,
kidole cha mwisho kiingie chemba, kipapase giza:
hamna risasi. Papasa tena.
Baba alikagua mara tatu,
ya tatu akinitazama mimi, si bunduki.

Hapa Tukuyu mvua haina msimu, ina mapumziko.
Ukungu unateremka Rungwe, unapenya chini ya mlango,
unalala kwenye chumvi, kwenye daftari la wateja.
Sindano nikizisahau Ijumaa,
Jumatatu zina madoa kama zimetafuna tambuu.
Kutu ya kwetu haibishi hodi.

Ndiyo maana kopo ni moja:
tone kwa cherehani, tone kwa wenzo.
Tone, nimesema.
Gwakisa aliwahi kuimwagia kama anakaanga maandazi;
vumbi likanata, wenzo ukagoma katikati,
haushuki, haupandi,
na Baba hakumsemesha siku mbili.

Bunduki hii haifunguki kwa nyuma.
Ufito unaingilia mdomoni,
polepole, umeshikwa kwa vidole viwili,
usikwaruze ukingo.
Ukingo ukichubuka, risasi itakwenda inakotaka,
kama mtoto aliyesahau alichotumwa dukani.
Brashi ya shaba. Kitambaa: cheusi.
Kitambaa: cheusi.
Kitambaa: kijivu.
Cha nne ni kipande cha khanga ya Mama,
maandishi yake yamekatwa na mkasi wangu,
zimebaki herufi nne: SIJA.

Aliinunua kwa mzungu wa chai aliyekuwa akifunga virago,
kwa ndama mmoja na noti zilizonuka moshi,
na kibali chenye mhuri, tafadhali, chenye mhuri.
Yote kwa sababu ya shuka jeupe la misheni
na mashine ya sinema iliyokohoa usiku kucha:
makaboi, mavumbi, farasi wanaojua njia ya nyumbani.
Farasi hakuwa naye. Alikuwa na Foniksi isiyo na breki
na kofia pana iliyoshonwa na mimi, nikiwa darasa la saba,
upande mmoja ukilegea kama sikio la mbuzi.

Kila siku ya pili ya Krismasi, kwenye machimbo ya mawe,
makopo matano ya maziwa juu ya gogo.
Wenzo chini, wenzo juu, moto.
Chini, juu, moto.
Maganda yakiruka, sisi tukiyagombania yangali ya moto.
Manne yalianguka. La tano aliliacha,
kila mwaka aliliacha.
"Lazima moja libaki," alisema, "likasimulie."
Mama alisema ni macho tu.

Kesho ni uhakiki wa silaha kituoni.
Marehemu hamiliki kitu; tunairudisha.
Gwakisa amesimama mlangoni, koti linachuruzika:
"Dada, kitu cha kwenda kutupwa stoo
unakipamba cha nini?"
Nikamuuliza, "Na Baba, tulimwosha cha nini?"
Akavua koti. Akakaa. Akashika taa.

Tukaukaza kila msumari wa parafujo
kwa bisibisi inayoenea, si kwa ncha ya kisu.
Tukafuta kitako. Hapa, upande wa kulia,
vanishi imelika, pana duara la ukubwa wa shavu.
Hapo sikupaka kitu.
Nikashusha wenzo, nikaupandisha, chemba tupu:
kla-klak. Gwakisa akacheka,
halafu akaacha kucheka.

Koplo aliigeuza mara moja, akachungulia mtutu dirishani.
Kwenye fomu nafasi ni ndogo, kama kidole gumba.
Hali ya silaha: nzuri.
Akagonga mhuri. Akaita, "Anayefuata."

Mchana nilirudi kwenye mashati ya shule.
Kopo nililifunga vibaya, nadhani,
au mkono ulikuwa bado na mafuta:
doa moja, kwenye kola ya mtoto wa Mwakipesile,
jeupe pembeni, jeusi katikati,
na mama yake anakuja kulichukua saa kumi.
Sabuni ipo. Maji yapo, tena yanamwagika bure nje.
Sijalifua.